Tunahama Tanga kwenda Kanada: kipi kipande ndege, kipi kipande meli, kipi kiuzwe?

MamaWawili_Chumbageni

Assalaam alaykum wana jamvi. Tupo wanne, wakubwa wawili na watoto wa miaka 7 na 3. Tunahamia Edmonton kwa ukaazi wa kudumu, safari mwisho wa Oktoba. Tiketi inatoa mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila abiria, watoto wamo. Mzee wa nyumba anataka kontena la futi 20, mashangazi wanasema tuuze hata vijiko.

Vilivyopo: jokofu, mashine ya kufulia, TV ya inchi 43, blenda, pasi, cherehani ya umeme na nyingine ya mkono, kabati la mninga, kasha la bibi lenye njumu za shaba, vinyago viwili vya mpingo, katoni mbili za vitabu vya Kiswahili, kanga zisizohesabika, sufuria, chuma cha vitumbua, mbuzi ya nazi, kiti cha gari cha mtoto na kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea. Tuanzie wapi?

Mpima_Mizigo

Wa alaykum salaam dada. Anzeni na mizani, maneno ya mashangazi baadaye. Watu 4 mara mabegi 2 mara kilo 23 ni kilo 184, bila ya mikoba ya mkononi. Hiyo ni nyumba ndogo nzima mkiondoa mbao na vyuma. Nunueni mizani ya kuning'iniza na kila begi lisimame kwenye kilo 22, kwa sababu mizani ya nyumbani na ya uwanjani hazikubaliani. Vipimo navyo vina kikomo: urefu, upana na kimo ukijumlisha visizidi sentimita 158, mfano 75 kwa 50 kwa 33.

Shangazi kaja, zile begi kubwa za zipu, msizitegemee peke yake. Ni nyepesi, ndiyo, lakini zipu hufumuka kwenye mkanda wa mizigo. Mkizitumia, ziwe za nguo tu. Kamba ya katani ni sifa yetu Tanga, ila kwenye begi la ndege hunasa kwenye mashine. Tumieni mkanda mpana wa kufungia.

Kontena la futi 20 lina meta za ujazo kama 33, na nyumba yenu mkiuza jokofu na kabati haijazi hata robo. Mtalipia hewa. Njia ya kati ni mzigo wa kuchanganywa na wa watu wengine, unaotozwa kwa meta ya ujazo, na kwa kawaida hata ukiwa na nusu meta unalipia meta moja. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 ni meta 0.096, kwa hiyo katoni kumi zinakaribia meta moja. Katoni hiyohiyo kwa mzigo wa ndege inahesabiwa kilo 16 hata ukiijaza pamba, maana wanagawa sentimita za ujazo kwa 6000.

Gati la Tanga limechimbwa na meli kubwa sasa zinafunga ukingoni, lakini wakusanyaji wengi wa mizigo midogo wako Dar. Ongezeni gari la kilomita kama 350 kupitia Segera na Chalinze.

Watu wanapoumia ni upande wa pili. Bei mnayoambiwa hapa mara nyingi inaishia bandari ya kule. Edmonton iko bara, mzigo unashushwa pwani kisha unapanda treni. Yanafuata malipo ya kushusha, ghala, karatasi, na ukaguzi forodha wakiamua kufungua. Yakijumlishwa yanaweza kuzidi nauli ya meli. Ombeni bei ya maandishi mpaka ghala la Edmonton, na muulize kila ada iliyobaki nje ya bei hiyo.

FundiVolti

Kwenye umeme sitakuwa na maneno mengi. Tanzania ni volti 230, hezi 50. Kanada ni volti 120, hezi 60. Geuza kila kifaa usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, 50/60Hz, chukua, unahitaji kichwa cha plagi tu: chaji za simu, kompyuta mpakato, kamera. Kikisema 220-240V, uza.

Pasi ya wati 1000 ukiichomeka kule inatoa kama wati 270, haikunji wala hainyooshi. Watu husema "nitanunua transfoma". Transfoma ya kubeba pasi ina uzito kuliko pasi yenyewe, na haibadilishi hezi. Mota ya jokofu au ya mashine ya kufulia iliyoundwa kwa hezi 50 itazunguka kasi zaidi kwa asilimia 20 na kupata moto. Jokofu, mashine, blenda, pasi na cherehani ya umeme: vyote sokoni.

TV hata kama kibandiko kinakubali 100-240V, king'amuzi chake cha ndani hakisomi matangazo ya antena ya kule. Kwa intaneti itafanya kazi, ila kioo cha inchi 43 kwenye begi ni kamari.

Cherehani ya mkono haina cha kuuliza umeme. Toa kichwa kwenye ubao, futa mafuta yote, funga sindano na kishikio mbali. Peke yake inakula zaidi ya nusu ya begi kwa uzito, basi jazia kanga pembeni.

Pawabenki ni mkononi tu, kamwe si kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, inapita. Isiyo na maandishi inaweza kuchukuliwa.

Karani_wa_Orodha

Dada, kabla hujafunga begi hata moja, andika orodha. Kwa mhamiaji wa Kanada hiyo ndiyo inayookoa pesa, na wengi huiandika kwenye ndege kwa kalamu ya kuazima.

Orodha ni mbili, kila moja nakala mbili, kwa Kiingereza au Kifaransa: vitu unavyofika navyo, na vitu vitakavyofuata. Kila kitu kiwe na thamani, na inapowezekana aina, modeli na namba ya mashine. Usiandike "vitu vya jikoni" ukaishia hapo. Siku ya kwanza mnayotua kama wakaazi, mweleze ofisa wa forodha kwamba kuna vitu vinafuata hata kama havijaondoka Tanga. Fomu inaitwa BSF186, unaweza kuijaza mapema. Ofisa akishagonga muhuri, ile nakala ni mali. Bila hiyo mzigo wa meli utakapofika mnaweza kudaiwa ushuru.

Sharti la msamaha ni kwamba vitu viwe vyenu, mikononi mwenu, na vimetumika kabla ya kuhamia. Kwa hiyo kununua sufuria seti mpya wiki ya mwisho na kuziacha kwenye boksi si busara: hazijatumika. Zawadi za harusi zina nafuu yake, ila ndoa iwe ndani ya miezi mitatu ya kufika. Na mkiuza au kumpa mtu kitu kilichosamehewa kabla ya miezi 12, ushuru unarudi.

Dhahabu: ielezeni kipande kwa kipande, pigeni picha, na kama kuna tathmini ya sonara iambatisheni. Inasafiri mwilini au mkononi. Pesa taslimu zikifika dola 10,000 za Kanada lazima zitangazwe. Kutangaza hakutozwi, kuficha ndiko kunakoponza.

Sasa vitu vyenu vya mashaka.

Mpingo uliingia Januari 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Vitu vilivyokamilika visivyo vya biashara, jumla ya mbao isiyozidi kilo 10 kwa shehena, havihitaji kibali cha mkataba huo. Vipimeni vinyago vyenu viwili. Vikiwa chini ya hapo, wekeni na risiti ya mchongaji kama ipo. Vitana vya ng'amba, pembe za ndovu na matumbawe acheni kabisa.

Kasha la njumu: kama ni la kale kweli, msilitoe nchini kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale kuhusu kibali. Hilo ni la kuanza sasa, si wiki ya safari.

Kiti cha gari cha mtoto kiuzeni. Kule sheria inataka kiti chenye alama ya usalama ya Kanada yenyewe, na cha kutoka huku hakina. Kigari cha kujifunzia kutembea ndiyo kabisa: Kanada ilipiga marufuku kuviuza na kuviingiza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka ngazi. Mtoto wa miaka 3 hana haja nacho hata hivyo.

Dawa: ziwe kwenye pakiti zake zenye maandishi, na karatasi ya daktari. Kiwango ni dozi moja kamili au siku 90, kipi ni kidogo. Unga wa miti shamba kwenye chupa ya maji hauna utetezi mbele ya ofisa.

Na hati zisiingie begi la chini. Pasi za kusafiria, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, kadi za kliniki za watoto. Linganisheni majina herufi kwa herufi; "Mwanaidi" kwenye cheti na "Mwanahidi" kwenye pasi ni tatizo rahisi kulitatua mkiwa Tanga na gumu mkiwa Edmonton. Laini ya simu mwondoke nayo hai, maana kuirudisha ikipotea kunahitaji alama ya kidole cha mwenyewe.

Kasha_na_Njumu

Naafiki mengi, ila Mpima_Mizigo kaelekea kuiua meli mapema. Kasha kibali kikipatikana, na zile katoni mbili za vitabu, vinastahili meta moja ya ujazo. Vitabu vya watoto vya Kiswahili Edmonton havinunuliki dukani, na watoto wa umri huo wasipokuwa navyo lugha inapungua haraka. Kabati la mninga naona muuze. Ni zito, na nyumba za kupanga kule nyingi zina makabati ya ukutani.

Shida ya meli ni mbili. Kwanza mbao za kufungashia. Fundi wa mtaani akikupigia kreti ya mbao mbichi, itakwama. Kanuni ya ISPM 15 inataka mbao zipashwe moto hadi kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, au zifukizwe kwa dawa, kisha zigongwe muhuri wenye alama ya shuke la ngano. Bila muhuri Kanada huamuru mbao hizo zirudi zilikotoka kwa gharama ya mwenye mzigo. Plaiwudi haihusiki na kanuni hiyo, kwa hiyo kreti ya plaiwudi ndiyo mkato. Kasha lenyewe ligongeni mkisikiliza: vumbi jepesi likidondoka, kuna bungua ndani, na lisisafiri kabla ya kufukizwa.

Pili ni jasho la kontena. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi. Ukifunga vitabu na kanga jioni, maji yaliyomo hugeuka matone juu ya bati meli ikiingia kwenye baridi, na ukungu unafuata. Anikeni kutwa, fungeni adhuhuri jua likiwa kali, funika ndani kwa nailoni nzito na vifuko vya jeli ya kukausha. Mchele si mbadala, unaita fukusi.

Somo_wa_Ngamiani

Shoga, mie nakuja na jiko. Sufuria zetu za alumini zitafanya kazi kwenye jiko la umeme la kawaida, si kwenye lile la sumaku (induction). Chukua sumaku ya mlango wa friji: isiponata chini ya chombo, jiko la sumaku halikitambui. Karai la duara kitako halikai kwenye kioo, liache. Chuma cha vitumbua chukua kama kitako ni bapa na kinanata sumaku, maana kule hukipati kirahisi.

Chakula kinaruhusiwa zaidi ya watu wanavyodhani, mradi utangaze chote. Viungo vikavu vilivyosagwa na kufungwa vizuri, sawa. Samaki wakavu hadi kilo 20 kwa mtu, sawa. Nyama kavu, hapana. Papa mkavu muache hukohuko soko la samaki la Deep Sea: jamii kubwa ya papa iliingizwa kwenye CITES Novemba 2022, na hakuna atakayekuandikia kibali kwa mchuzi. Achari iwe begi la chini, mifuko miwili. Ubani upite, lakini vile vimkaa vya chetezo vinavyojiwasha haviruhusiwi kwenye ndege, chini wala juu.

Kanga chukua. Doti haifiki nusu kilo na inafungia vyombo vyote. Koti zito usinunue mtumbani kwa mazoea. Januari kule yaweza kufika hasi 30. Beba vazi la ndani la kubana, sweta na koti la wastani la kuwatoa uwanjani hadi nyumbani, lililobaki mnunue huko.

MamaWawili_Chumbageni

Nawashukuru sana, mwenyezi awalipe. Kontena tumelifuta. Swali la mwisho, mbuzi ya nazi?

Somo_wa_Ngamiani

Fungua misumari, toa ulimi, uoshe mabaki yote ya nazi na uufunge gazeti na kitambaa kwenye begi la chini. Kibao kiache. Fundi seremala atakutengenezea kingine, ama uufunge ulimi kwenye ubao ukingoni mwa meza. Kumbuka kuuandika kwenye orodha ya Karani.