Naomba ushauri: kuhifadhi rihani na giligilani kwa mapishi ya msimu wa baridi

Habari zenu wapendwa. Bustani yangu imejaa rihani, giligilani na rozmari, na baridi inakaribia. Rozmari hainisumbui: naifunga vishada, naining'iniza kivulini, inakauka na harufu yake inabaki. Shida ni hizo mbili nyingine. Nikizikausha, ladha inapotea karibu yote. Nikigandisha rihani mbichi, inageuka nyeusi.

Kuna wanaoichovya kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, kisha kwenye maji ya barafu. Wengine huisaga na mafuta wakaigandisha kwenye trei za barafu. Ipi inatunza ladha zaidi? Kuiweka kwenye mafuta nje ya friji naogopa, maana sumu ya botulizimu inaweza kujitengeneza humo bila dalili yoyote. Mliojaribu, nielekezeni tafadhali. Giligilani ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi.