Kura tatu ya 1958: TANU ilikosea kuikubali?

Ndugu zangu wa Tanga, juzi barazani Ngamiani mzee mmoja alisema Tanganyika ilipata uhuru kistaarabu, hatua kwa hatua, na wote wakaitikia. Mimi nilinyamaza.

Hatua yenyewe ya kwanza ilikuwa kura tatu, uchaguzi wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Ili upige kura ilibidi uwe umefika darasa la nane, au una kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ndiyo shilingi 3,000, au una wadhifa unaotambuliwa na serikali. Kisha uchague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. Ukiacha mmoja, kura imeharibika. Mkata mkonge wa Muheza angezitoa wapi shilingi 3,000? Septemba 1958 Jimbo la Tanga lilipopiga kura, yeye yuko shambani na kadi yake ya TANU mfukoni. Nasema mkutano wa TANU wa Tabora, Januari mwaka ule, ulikosea kukubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU kwa sababu hiyo, na hadi leo anasemwa vibaya.

— Mdogo wangu, masharti yale yalikuwa dhuluma, hilo halina ubishi. Lakini tungesusa, viti vyote vingekwenda kwa UTP (United Tanganyika Party), chama alichokibeba Gavana Twining wa Waingereza. TANU ilipiga hesabu: Mwafrika aliyeandikishwa analazimishwa kuchagua Mhindi na Mzungu, basi na achague wale wanaokubaliana nasi. Silaha ya mkoloni ikamgeukia mwenyewe. Mwaka 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, tarehe 1 Mei 1961 tukapata madaraka ya ndani, tarehe 9 Desemba uhuru. Na kumbuka, ujumbe wa Umoja wa Mataifa mwaka 1954 ulitukadiria miaka 20 hadi 25 kabla ya kujitawala!

— Kaka, kwa UTP umenibana. Nafuta neno "ilikosea". Lakini hata mwaka 1960 masharti yalilegezwa tu, hayakuondolewa. Kura ya kila mtu mzima tuliiona mwaka 1962, tulipomchagua Rais. Miaka yote hiyo aliyelipa ada ya chama alikuwa akisubiri mwenye cheti amsemee, na hilo barazani halitajwi kabisa. Kinachoniuma ni hicho. Mwenye babu au bibi aliyekuwa mkongeni wakati ule, Korogwe, Pangani, popote, amuulize kama yupo: siku ile ya Septemba alikuwa wapi, na aliambiwa nini?