Shosho hapati usingizi: gumzo la majirani wa mtaa mmoja

*Mama Kevo:* Hamjambo majirani. Sista, Dakta, naomba mnisaidie. Shosho wa watoto yuko kwetu, ana miaka 71. Anaingia kitandani saa tatu usiku, saa tisa ashaamka, anagaagaa mpaka kuche. Anameza diazepamu ya miligramu 5 kila usiku, mwezi wa nne huu, na sasa anataka aongezewe. Hakuna njia nyingine?

*Dakta Muli (kemisti):* Asiongezewe, Mama Kevo. Na asikatishwe ghafla pia, tafadhali sana. Mwili ushaizoea. Akiacha ghafla, usingizi unaweza kupotea kabisa kwa siku kadhaa, mikono ikatetemeka, na kuna wanaopata degedege. Hapo watu husema "mnaona, dawa ilikuwa inasaidia", kumbe ni mwili unaidai. Daktari wake ndiye atampangia kupunguza: kawaida ni kama robo ya dozi kila wiki mbili, na kuelekea mwisho polepole zaidi. Mwombeni amwandikie vidonge vya miligramu 2, ni rahisi kupima kuliko kukatakata cha 5 kwa wembe.

*Dakta Muli:* Kwa umri wake dawa hii hutoka mwilini polepole mno. Kidonge cha leo kinakuta cha jana na cha juzi bado kimo. Ndiyo maana wazee huanguka wakienda choo usiku wakavunjika nyonga. Wekeni taa ndogo ya njano kwenye korido tangu leo.

*Baba Shiko:* Na piritoni je? Watu wengi huimeza ili walale.

*Dakta Muli:* Hiyo ni ya mafua na mwasho. Usingizi wake mwili huuzoea kwa siku chache tu, na mzee huachiwa kinywa kikavu, mkojo kukwama na akili kuchanganyikiwa. Kwa Shosho hapana. Pombe pia: inakulaza haraka, halafu inakuamsha usiku wa manane.

*Sista Achieng:* Mama Kevo, swali kabla sijaendelea. Anakoroma kwa nguvu? Kuna wakati pumzi inakatika halafu anashtuka kama aliyekabwa? Anaamka na kichwa kinauma?

*Mama Kevo:* Hapana Sista, analala kimya.

*Sista Achieng:* Vizuri. Ingekuwa ndiyo, ningesema hospitali kwanza, kwa sababu diazepamu huzidisha huko kukatika kwa pumzi. Ana dawa za presha? Ipo ya kukojoza?

*Mama Kevo:* Iko, anaimeza na chakula cha jioni.

*Sista Achieng:* Basi mwulize daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi. Mara nyingi inawezekana, na safari za choo usiku hupungua. Chai ya majani mwisho saa nane mchana, hata ile ya maziwa. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu, na kwa wengine zaidi. Jioni mpeni uji au maziwa, kikombe kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Shosho anakaa kitandani kwa muda wa saa tisa na analala labda saa sita tu kati ya hizo. Zile tatu za kugaagaa ndizo zinazomfundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukodoa macho. Tunachopunguza ni muda wa kitandani.

Wiki mbili za kwanza msibadilishe saa zake. Andikeni tu kwenye daftari kila asubuhi: aliingia kitandani saa ngapi, alichukua muda gani kulala, aliamka mara ngapi, alitoka saa ngapi, alisinzia mchana? Kwa kukisia. Saa ya ukutani na simu zitoke chumbani, maana kuhesabu dakika kunafukuza usingizi.

*Baba Shiko:* Halafu?

*Sista Achieng:* Halafu mnapiga hesabu. Alilala saa 6 kati ya 9, hiyo ni asilimia 67. Kwa mtu mzima tunataka 85, kwa mzee 80 inatosha. Kijana angekatwa moja kwa moja: kitandani saa sita usiku, nje saa kumi na mbili asubuhi. Shosho tutambana taratibu, nusu saa kila wiki. Wiki ya kwanza aingie saa tatu na nusu, ya pili saa nne, hivyo hivyo mpaka asilimia ifike. Ikishafika na bado anasinzia mchana, mwongezeeni dakika 15 kila wiki. Kuamka hakubadiliki: saa kumi na mbili, hata Jumapili, hata kama alilala vibaya.

*Dakta Muli:* Hapo ndipo wengi hushindwa. Usiku mmoja mbaya, wanamwacha alale hadi saa tatu asubuhi, na usiku unaofuata umeharibika.

*Sista Achieng:* Kabisa. Wiki ya kwanza ya kubanwa huwa ngumu, mwambieni mapema. Akikaa macho kama dakika 20, kwa kukisia, atoke akae kwenye kiti sebuleni, leso mabegani, taa hafifu, bila TV. Arudi kope zikianza kuanguka tu, si akichoka kukaa.

*Mwenyekiti:* Na anayekaa bedsita, Sista? Sebule hana.

*Sista Achieng:* Kiti kimoja kikielekea dirishani, mgongo kwa kitanda. Inatosha. Na kila mtu saa moja asubuhi atoke nje nusu saa. Nairobi jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hata Julai kukiwa na mawingu, nje kuna mwanga kuliko balbu yoyote ya nyumbani.

*Baba Shiko:* Jamaa yangu dereva wa matatu anaweza kujaribu hii ya kubana?

*Sista Achieng:* Akiwa barabarani, hapana. Atasinzia kwenye usukani. Wenye kifafa pia, na wale ambao hisia hupanda mno na kushuka mno, wasijaribu bila daktari.

*Mama Kevo:* Na kesha ya Ijumaa hapo nyuma? Spika zinalia hadi asubuhi.

*Dakta Muli:* Ziba za masikio za sponji. Unaiviringisha iwe nyembamba kama njiti, unavuta sikio juu na nyuma, unaingiza, unaishika kwa kidole nusu dakika itanuke. Wengi huichomeka tu mlangoni mwa sikio, halafu wanasema haifanyi kazi.

*Mama Kevo:* Asanteni sana. Daftari linaanza kesho. Vidonge je?

*Dakta Muli:* Aendelee na dozi ile ile mpaka amwone daktari. Mkienda, bebeni daftari na pakiti zote za dawa zake.