Je, mwili uliojengeka ni lazima utokane na vyuma vizito?

Mtumishi wa Mtumba: Ndugu zangu, nina umri wa miaka 34, nafanya kazi Mji wa Serikali, na tangu nihamie Dodoma siku zangu zinaishia kitini. Mwezi uliopita nilijiunga na ukumbi wa mazoezi. Mwelekezaji wa pale akaniambia kwamba mtu asiyenyanyua chuma kizito, yaani kile anachoweza kukiinua mara tano au sita tu mikono ikagoma, hatapata mwili hata akitoka jasho miaka kumi. Nilimtii, na tangu siku hiyo bega la kulia linaniuma. Naomba kujua: ni kweli hakuna njia nyingine?

Kocha wa Area D: Mwelekezaji wako alikosea namna ya kukuanza, lakini jambo lenyewe hakulikosea sana. Msuli haukui mpaka uelemewe. Anayepiga pushapu 20 zilezile kila alfajiri kuanzia Januari, ikifika Machi mwili umezizoea, na kuanzia hapo anatunza alichonacho tu. Chuma kinakuwezesha kuongeza kilo mbili na nusu na kujua hakika kwamba umeongeza. Tuache kujifariji kwa mababu waliokuwa na vifua bila kukanyaga jimu, kwa sababu jembe halijawahi kumjenga mtu, limewachosha tu.

Mjukuu wa Kongwa: Kocha, mengine yote nayapita, ila sentensi yako ya mwisho siwezi kuinyamazia. Babu yangu amelima mtama na karanga tangu kabla wewe na mimi hatujazaliwa, na hadi leo, akiwa amevuka miaka 70, analitupa gunia begani na kulifikisha kwenye mkokoteni wa punda bila kumwita mtu. Msimu wa palizi uliopita nilikwenda na marafiki wawili wa mjini, wote watu wa vyuma, wenye mikono minene kuliko mapaja yangu. Kabla ya saa nne asubuhi walikuwa wamekaa chini ya mbuyu. Sasa nieleze ni nani kati yao aliyejengeka.

Mtaalamu wa Viungo, Makole: Nirudi kwa aliyeuliza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada, kundi la Stuart Phillips, waliwachukua wanaume 49 waliokwisha kuzoea vyuma na kuwafanyisha mazoezi kwa wiki 12. Kundi moja liliinua uzito mwepesi mara 20 hadi 25 kwa mkupuo, na jingine uzito mkubwa zaidi mara 8 hadi 12, kila mkupuo ukiendelezwa mpaka msuli ushindwe. Misuli ilikua karibu sawa kwa makundi yote mawili. Uzito mkubwa huwa na faida ya wazi pale mtu anapotaka nguvu ya kuinua mzigo mzito kabisa kwa mara moja. Kwa hiyo, ndugu yangu, uzito mwepesi unaofanyiwa kazi hadi ukaribie kushindwa unatosha kabisa kukupa mwili unaoutaka, mradi ule vizuri: maharage, mayai, karanga, na nyama pale inapopatikana.

Kocha wa Area D: Ndugu wa Kongwa, sikumtukana babu yako, na naomba usinisomee nia ambayo sina. Mimi ni mtoto wa mkulima wa Mpwapwa. Baba yangu alipofika miaka 50 alikuwa hawezi kunyooka, na ndiyo maana sipendi jembe lipambwe kwa maneno matamu na watu wanaolishika wiki mbili za likizo. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mkulima anainama kwa miezi hiyo katika mkao uleule, na mara nyingi ni wakati ambapo akiba ya ghalani imepungua, kisha anakaa hadi mvua nyingine. Mazoezi hupangwa, hupimwa, na hufuatwa na chakula na mapumziko. Baba yangu hakupata hata kimoja kati ya hivyo.

Binti wa Bahi: Nimesoma yote, na ni babu, baba na marafiki wa kiume tu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mama yangu aliibeba kichwani kutoka kisimani mara tatu kwa siku, mvua na kiangazi, na hakuna aliyewahi kuuita mzigo ule chuma kizito. Leo mimi nanyanyua kilo hizohizo ukumbini na wanaume wananiambia nitageuka kuwa na mwili wa kiume. Hawajui kwamba homoni ya testosteroni, ambayo kwa wanaume ni nyingi mno kuliko kwetu, ndiyo inayochangia ile misuli wanayoiogopa. Nanyanyua ili shingo na mgongo wangu visije vikafanana na vya mama. Kocha, kabla ya kuuliza kama uzito ni wa lazima, tuulize ni nani aliyepewa nafasi ya kuuchagua.

Mjukuu wa Kongwa: Dada, hapo nakuunga mkono. Lakini Kocha hajajibu. Alphonce Simbu ni mtu wa Singida, na mwaka 2025 alitwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia kule Tokyo. Hana kifua cha picha za ukutani. Nani atasema mwili ule haujakamilika?

Kocha wa Area D: Hakuna atakayesema hivyo, lakini umebadilisha maana ya neno. Aliyeanzisha mada anataka msuli unaoonekana na kiuno kipungue. Marathoni hujenga moyo na mapafu, na mkimbiaji hapati faida kwa kubeba nyama asiyoihitaji kwa kilomita 42.

Mtumishi wa Mtumba: Nawashukuru. Mtaalamu, ninazo dambeli za kilo tano nyumbani. Nikifika mara ya 15 bega linachoma kwa ndani. Niendelee hadi 25?

Mtaalamu wa Viungo, Makole: Usiendelee. Uchovu wa msuli husambaa kwenye nyama na huisha ukipumzika, lakini maumivu yanayochoma ndani ya kiungo ni jambo jingine, na yako yamedumu tangu mwezi uliopita. Fanya miguu na mgongo kwanza, na bega likaguliwe ana kwa ana wiki hii.

Mjukuu wa Kongwa: Na Kocha bado hajaifuta ile sentensi ya jembe.