Nkuhungu hadi Mtumba kila siku: gari la umeme mtupu au haibridi?

Kijana wa Nkuhungu
Wakuu, mbukwenyi. Nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, kazini ni Mtumba. Kwenda na kurudi ni kilomita hamsini hivi, na asubuhi nawapitisha watoto wawili shule. Toyota IST yangu imenitunza miaka sita, ila siku hizi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei za mafuta za EWURA kama mtu anayesubiri majibu ya maabara. Nimeuza kiwanja kidogo kule Nala, mkononi nina milioni 22. Macho yangu yapo kwa Nissan Leaf, ile ya umeme mtupu, na Toyota Aqua ya haibridi, yaani petroli na umeme pamoja. Mke anataka Aqua kwa sababu dada yake anayo. Mimi roho inanituma Leaf. Nipigieni hesabu za Dodoma, za Ulaya nimeshazisoma zikanichosha.

Mhasibu Ilazo
Tuseme mwezi mzima unatembea kilomita 1,300, na lita tuiweke 3,000 ili tusigombane. IST ikikupa kilomita 13 kwa lita, unachoma lita 100, laki tatu hiyo. Aqua ikikupa 20 ni lita 65, yaani 195,000. (Karatasi za Japani zinasema zaidi ya 35 kwa lita. Wapelekee wenyewe Wajapani.) Leaf inakula kama uniti 15 kwa kilomita 100, ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, weka uniti 220. Kwa tarifu ya kawaida uniti moja na kodi zake ni 350 na ushee, kwa hiyo unalipa kama 78,000.

Angalizo: kama nyumbani bado upo kwenye ile tarifu nafuu ya uniti 75, iage. Gari litakutoa huko mwezi wa kwanza tu, na friji nayo itaanza kulipiwa bei ya wakubwa.

Mama Alizeti
Hesabu nzuri baba, ila ni ya mtu anayelala kwake kila siku. Mimi msimu wa alizeti leo niko Manyoni, kesho Singida, keshokutwa nimeitwa Kondoa. Haibridi yangu naweka mafuta popote penye pampu naendelea na safari. Hilo la umeme nikifika nalo kijijini saa mbili usiku nimwombe nani soketi? Mwanangu, wakwe zako wako wapi? Anzia hapo.

Kijana wa Nkuhungu
Wakwe wako Dar, mama. Na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024 sijapeleka gari Dar hata mara moja. Nauli ya daraja la kawaida ilianza 31,000, nalala Kilosa yote nikiamka nipo Morogoro. IST inabaki chini ya mwarobaini.

Mama Alizeti
Basi wewe mwenyewe umeshajijibu.

Fundi wa Majengo
Asijibu haraka. Mimi nafungua haya magari, ngoja niseme nilichokiona.

Wiki iliyopita imekuja Aqua ya mteja wa Kisasa, taa nyekundu ya pembetatu inawaka, gari halina nguvu. Fundi wa kwanza alishamwambia betri kubwa imekufa, atafute milioni kadhaa. Nikaangalia chini ya siti ya nyuma, pembeni, pale penye kijidirisha chenye vitundu. Hapo ndipo feni inapovutia hewa ya kupoza betri. Nikatoa chujio: vumbi limeganda kama unga wa muhogo uliolowa ukakauka, na katikati kuna karatasi ya biskuti imenata. Ile betri ina vipande 20 vimeungwa, jumla volti 144. Ikikosa hewa, vya katikati vinapata joto na kufa mapema. Nilipima, viwili tu vilikuwa vibovu. Nikabadilisha, nikasafisha feni, gari likaondoka.

Sasa jiulize, Aqua ngapi hapa mjini zinapita barabara za vumbi za Nzuguni na Swaswa, mwenye gari anabadilisha oili vizuri kabisa, na chujio la betri hajui kama lipo? Ukinunua haibridi Dodoma, litoe kila baada ya miezi miwili. Dakika kumi haziishi.

Jambo la pili watu hawalisemi. Haibridi inashinda penye kusimama-simama, kwa sababu ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Dar kwenye foleni utaipenda. Wewe ukishatoka mjini unanyoosha hadi Mtumba kwa mwendo mmoja, na hapo Aqua ni gari dogo la petroli lenye adabu, basi.

Dereva Kikuyu
Jamani mbona mnamchanganya? Mimi nina Nissan Note e-Power, ni ya umeme na wala sichaji nyumbani. Inajichaji yenyewe barabarani. Achukue hiyo.

Fundi wa Majengo
Mkuu, hiyo inajichaji kwa petroli unayoiweka wewe. Injini ya 1.2 iko mbele pale inazungusha jenereta, mota ndiyo inasukuma tairi. Haina hata tundu la kuchomeka waya. Ni haibridi. Dalali aliyekuuzia kama "ya umeme" hakudanganya sana, alinyamaza tu mahali pa kusema.

Dereva Kikuyu
Aisee. Kumbe ndiyo maana inanguruma nikiwa nimesimama.

Mpangaji Chang'ombe
Nina Leaf mwaka wa pili. Nisikilizeni mimi niliyeumia.

Niliinunua kwa picha. Muuzaji akatuma picha za nje, za siti, hadi za bampa, ila dashibodi ikiwa imewashwa hakutuma. Ilipofika nikaona upande wa kulia vimstari 9 kati ya 12. Vile si chaji, ni afya ya betri. Kikianguka cha kwanza ujue asilimia 15 hivi imeshaondoka. Ya kwangu ni ile ya mwanzo yenye betri ya uniti 24, ikiwa imejaa napata kilomita 90 nikiendesha kama bibi harusi. Nilijaribu kwenda nayo Kibaigwa sokoni, nikafika na asilimia 9. Nikaomba soketi gesti, nikakaa saa sita naangalia watu wakipakia mahindi.

Ila kwa mjini sijutii. Sina oili, sina plagi, breki pedi ni zile zile ilizokuja nazo. Kilichonitesa ni luku. Tuko wapangaji wanne, mita moja. Siku ya kwanza nachaji, mama wa chumba cha mbele akatoka na simu yake inamulika ule waya, akauliza, "Na hiki nacho tunachangia?" Nikafunga mita ndogo ya pembeni ndipo amani ikarudi.

Mhasibu Ilazo
Joto je? Nasikia Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri.

Mpangaji Chang'ombe
Kweli haina. Wa Arizona kule Marekani walilalamika sana mwaka 2012, kwao joto linapita 40. Sisi hata Novemba hatufiki huko, na usiku wa Dodoma unaujua mwenyewe, blanketi. Chaji usiku, paki kivulini, usiijaze mia kwa mia ikakaa juani siku nzima. Inatosha.

Bi Medeli
Na umeme ukikatika?

Fundi Nyaya
Dada, unachaji usiku saa tano hadi alfajiri, ukikatika kwa saa mbili bado una muda. Na pampu za sheli nazo zinatumia umeme, tusisahau. Uzalishaji si tatizo tena, bwawa la Nyerere peke yake ni mashine 9 za megawati 235. Shida ni nguzo na transfoma za mtaani.

Mimi naomba aangalie ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Waya wa kuchajia wa Leaf unakagua kwanza kama ethi ipo, ikiwa mbovu unagoma. Na udongo wetu kiangazi ni mkavu kama tofali. Nimekuta nyumba fimbo ya ethi imechomekwa futi mbili, wakati wa masika inafanya kazi, Septemba haipo. Ichimbiwe chini zaidi, na soketi ya gari iwe na waya wake mnene na breka yake kutoka kwenye mita. Usichaji kwa ekstensheni ya kunyooshea nguo.

Kijana wa Nkuhungu
Nyumba ni yangu, luku ni yangu, ethi sijui. Fundi Nyaya nitakutafuta.

Jumamosi naenda kuona Leaf ya uniti 30, mwenye gari amenitumia video dashibodi ikiwaka, vimstari 11. Mke bado amenuna. Ila jana tulipita kwa shemeji, nikamwomba afungue mlango wa nyuma wa Aqua, nikatoa lile chujio mbele yao wote. Fundi wa Majengo, la huyu halikuwa na karatasi ya biskuti. Lilikuwa na soksi ya mtoto, waliitafuta tangu Pasaka.