Hivi "mapinduzi" ni kuangusha serikali au ni kubadilisha maisha?

Mtoa_Hoja: Wakuu salaam. Juzi nasikiliza redio, mtangazaji anasoma habari ya mapinduzi ya kijeshi huko Afrika Magharibi, hazijapita dakika mbili linaingia tangazo la mbolea, "mapinduzi ya kilimo". Neno lile lile! Waingereza na Wafaransa wana neno la wanajeshi kuingia ikulu alfajiri na wana jingine la umma kugeuza mambo toka chini, sie vyote kapu moja. Ni upungufu wa lugha au tumefichwa kitu? Na limetokea wapi?

Mwalimu_Mstaafu: Rahisi. Funga–fungua, ziba–zibua, tega–tegua. Pinda–pindua. Hiyo -ua inatengua kitendo. Kwa hiyo kupindua kwa asili ni kunyoosha kilichopindwa, waasisi walijua wanachosema.

Mtu_wa_Mkokotoni: Shikamoo mwalimu, lakini hapo sikubali hata kidogo. Mie nimekulia pwani, dau likipinduka kwenye mkondo hatusemi limenyooka, tunahesabu watu. Na -ua si kila mara inatengua, kama na kamua vipi? Songa na songoa? Hapo inazidisha tu.

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba. Unanifundisha kazi niliyoifanya miaka 31?

Jirani_wa_254: Kwani chapati je? Si mnapindua chapati? Usipoipindua inaungua upande mmoja, mapinduzi ni hayo tu 😂

Binti_Tanga: Chapati INAGEUZWA jamani. Nani anapindua chapati?

Jirani_wa_254: Sisi. Watu milioni hamsini.

Kada_Damu: Naona mnafanyia utani Mapinduzi Matukufu. Kabla ya 12 Januari 1964 mkulima Unguja alikuwa na nini? Baada ya hapo ardhi ikataifishwa watu wakagawiwa eka tatu tatu, hiyo ndo maana ya neno. Na ndo maana Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa mwaka 67 kikalibeba.

Msomaji_Kimya: 67 ni Azimio la Arusha mkuu. TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar zimeungana 5 Februari 1977. Chama chako mwenyewe hicho.

Kada_Damu: Kidole kiliteleza. Hoja ipo palepale.

Mtu_wa_Mkokotoni: Basi tuulizane, aliyekuwa anatangaza redioni siku zile ni Okello, mtu wa Uganda, na miezi michache tu baadae kashaondoshwa kisiwani. Tuseme alipindua yeye au waliompindua yeye?

Mjukuu_Muscat: Nasoma tu nilikuwa sitaki kuingia. Bibi yangu alitoka Malindi ya Unguja mwaka ule na watoto watatu na bweta moja, mpaka anakufa hajalitamka hilo neno, alikuwa anasema "siku ile". Nyie chekeni na chapati zenu.

Kada_Damu: Na wetu waliokuwa wanachuma karafuu za wengine walikuwa na bweta?

Binti_Tanga: Kaka punguza, mwenzio kataja marehemu bibi yake.

Jirani_wa_254: Pole Mjukuu, sikukusudia. Ila mniruhusu moja. Huku kwetu Kenya Agosti mosi 1982 askari wa jeshi la anga waliteka redio ya taifa, wakazimwa siku hiyohiyo, na vitabu vinaandika "jaribio la mapinduzi". Wangefaulu lile "jaribio" lingeng'olewa tungepewa na sikukuu.

Msomaji_Kimya: Hii ndo comenti ya maana tangu asubuhi. Na 92 vyama vingi viliporudi Tanzania wapinzani hawakuligusa kabisa, wakachukua "mageuzi", kuna mpaka chama kimelibandika kwenye jina. Kupindua tayari kulikuwa na mwenyewe.

Binti_Tanga: Eeh ndo nilichosema! Kugeuza na kupindua ni vitu viwili! Chapati unaigeuza upande wa pili uive. Mkate wa ufuta sasa, unaubandika kwenye chuma, ukishashika chini unakipindua CHUMA chote uso utazame makaa, mkate unaning'inia hauanguki. Ukiwahi kabla haujashika wote unaishia kwenye jivu.

Mtu_wa_Mkokotoni: Dada hapo nimekuvulia kofia. Ila kwetu makaa tunayachochea kwanza.

Mwalimu_Mstaafu: Bado mnathibitisha hoja yangu ya -ua.

Mtu_wa_Mkokotoni: Mkate umenyooka wapi mwalimu??

Mtoa_Hoja: Wakuu, ile ya tangazo la mbolea hakuna aliyenijibu.

Jirani_wa_254: Binti, huo mkate unawekwa tui ama maji?

Binti_Tanga: Tui. Na usithubutu kuniambia la kopo.