Tupeane uzoefu: floraidi kwenye maji na meno ya watoto wetu, Arusha na Meru

Mwanzisha mada, Maji ya Chai

Ndugu zangu, naanzisha mada hii kwa sababu ya picha moja ya shule. Binti yangu wa kwanza, aliyezaliwa na kukulia hapa hapa, alirudi na picha ya darasa ambayo watoto wote wanacheka isipokuwa yeye, aliyefumba midomo na kuinamisha kichwa. Siku mbili baadaye nilimkuta nyuma ya jiko akisugua meno kwa majivu mpaka ufizi unatoka damu. Meno yake ya mbele yana mabaka ya kahawia, na moja limeanza kumeguka pembeni. Mwalimu alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba hapigi mswaki, ilhali anapiga asubuhi na usiku nikimwona kwa macho yangu.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba maji yakishachemka yamekuwa salama. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, lakini kilichoharibu meno ya binti yangu ni floraidi iliyozidi, nayo ni madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru. Moto hauyaondoi, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo yale yanayobaki sufuriani yanavyozidi kukolea. Nilipopeleka maji ya kisima chetu maabara, majibu yalikuwa zaidi ya mara tatu ya miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Maji hayo ni meupe, hayana harufu, na sisi tuliyasifu kwa miaka mingi.

Mdogo wake ana miaka 3. Nimeelezwa kwamba meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu uchanga hadi kama miaka 8, kwa hiyo kwake nafasi bado ipo. Naomba mnaoishi na tatizo hili mnieleze mlichofanya nyumbani, kilichofaa na kilichoshindikana.

Mama wa watoto watatu, Ngarenanyuki

Pole sana, dada. Kwangu maji yalikuwa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa magadi. Huku kwetu makande na maharage hayapikwi bila magadi, kwa sababu yanaiva upesi na kuni hazipotei, nami nilikuwa natia kijiko kizima kwenye sufuria ambayo mtoto wa mwaka mmoja anakula. Mhudumu wa afya ndiye aliyenieleza kwamba magadi nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Sasa naloweka maharage tangu jioni, namwaga maji yake asubuhi, na yanaiva bila magadi, ingawa mama mkwe bado anasema hayana ladha.

Jambo jingine ni uji. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji haya, kwa hiyo mtoto anayenyonya bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6 amekingwa. Hatari huanza siku ya kwanza ya uji, na uji ni maji. Wengi tunachunga maji ya kikombe tu na kusahau ya sufuria.

Mzee wa King'ori

Wanangu, msiishie kwenye meno. Marehemu kaka yangu alikunywa maji ya kijito kimoja maisha yake yote, na alipofika uzeeni shingo haikugeuka. Ukimwita, ilimbidi ageuke mwili mzima. Jirani yetu alikuwa na mtoto mwenye matege ambayo watu walisema ni laana ya ukoo. Hospitali ndiko tulikoambiwa kwamba floraidi, ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia hadi kwenye mifupa na viungo. Nayasema haya kwa sababu familia ile ilitengwa kwa jambo lililotoka kisimani.

Mkazi wa Usa River

Shikamoo, mzee, na ahsante kwa kulisema hilo wazi. Mimi natumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, utaalamu ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi. Linafanya kazi vizuri, lakini lina masharti. Mifupa isipoungua sawasawa, maji yananuka na watoto wanayakataa. Ikiungua kupita kiasi hadi kuwa myeupe, nguvu yake ya kunasa floraidi inapungua. Inayofaa ni ile iliyobaki nyeusi au kijivu. Zaidi ya hayo, mkaa huchoka bila kukupa dalili yoyote: maji yanaendelea kutoka safi kama jana, kumbe floraidi inapita. Mimi nilikaa muda mrefu nikijidanganya hivyo, mpaka nilipopima upya. Waumini wanaojali asili ya mifupa nao waulize kabla ya kununua.

Lipo pia chujio lililobuniwa na Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, lililopata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kutoka Uingereza. Lolote utakalochagua, pima maji kabla na baada ya kuchuja.

Mzaliwa wa Moshi, niliyeolewa Arumeru

Sisi tulichagua mvua, kwa kuwa maji ya mvua hayapiti kwenye miamba. Tunaacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha tunaelekeza mfereji kwenye tangi, na maji hayo hayaguswi kwa kufua wala kuogea. Yanachemshwa bado, kwa ajili ya vijidudu. Mkiwa na nyumba ndogo, tengeni angalau ya kunywa na kupikia ya watoto. Na msidhani kisima cha jirani kina maji sawa na chenu. Kwetu visima viwili vilivyo karibu vilitoa majibu tofauti kabisa.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote, na mzee umenigusa. Tumeweka ndoo mbili jikoni: ya bluu ni ya maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, nyekundu ni ya kisima kwa kazi nyingine, na hata mdogo anajua asichote kwenye nyekundu. Magadi nimeyatoa. Daktari wa meno amesema mabaka ya binti yangu hayatoki kwa mswaki, ila yanaweza kufunikwa akikua kidogo, na alimweleza mwenyewe, kwa upole, kwamba hakukosea kitu. Mwalimu nimeonana naye na nikamwonyesha majibu ya maabara. Shule yao inatumia maji ya kisima vilevile, kwa hiyo tangu Jumatatu anabeba chupa yake ya lita moja kutoka kwenye ndoo ya bluu.